Siku Nne za Unguja: Ulizia Maji Kwanza, Hoteli Baadaye

Wadogo zangu, likizo zinakaribia, na swali linaloniandama wiki hizi ni moja tu: "Dada, nimedunduliza mwaka mzima, safari hii nataka Zanzibar. Nilale wapi, nile nini, nitembee wapi?" Mmoja wenu kaniletea na orodha kabisa. Nungwi, Kendwa, Paje, Jozani, Kizimkazi, Changuu, Nakupenda, mashamba ya viungo, na chakula cha mchana kwenye ule mkahawa wa juu ya jiwe, vyote ndani ya siku nne. Nimeisoma nikacheka, halafu nikamhurumia. Hiyo si likizo, mdogo wangu. Hiyo ni zamu ya utingo.

Unguja ina urefu wa kama kilomita 85 tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanatazama ramani, wanaona kila kitu kiko karibu. Kutoka mjini hadi Nungwi au Paje ni zaidi ya saa moja kwa gari la kukodi, na ukipanda daladala linalosimama kila kijiji, hesabu karibu mara mbili yake. Ukitaka kuanza siku kaskazini na kuimalizia kusini, utakachokijua vizuri ni kisogo cha dereva. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: siku mbili mjini, siku mbili pwani, na pwani yenyewe uchague upande mmoja ukae hapo. Mengine yaachie safari nyingine.

Upande gani sasa? Hapa ndipo nataka mtulie, kwa sababu hoteli hazilisemi hili. Picha zile za Paje na Jambiani zenye maji ya samawati hadi ukingoni hupigwa maji yakiwa yamejaa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Pwani ya mashariki ina mteremko mdogo mno, na mwamba wa matumbawe uko mbali. Maji yakipwa hukimbilia huko mwambani, wewe ukabaki na uwanja wa mchanga, majani na madimbwi. Mtu kalipia chumba cha mbele ya bahari, anaamka, anafungua dirisha, bahari haipo. Anapiga simu mapokezi kulalamika, kana kwamba wao ndio walioichukua.

Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, ufuo unazama haraka. Kule utaogelea karibu saa zote. Ndiyo maana kuna watu wengi, muziki mwingi, na bei hazina huruma. Kama lengo lako ni kuogelea tu na kucheza usiku, nenda kaskazini bila kusitasita. Kama unataka utulivu, matembezi na kijiji kinachoishi maisha yake mbele yako, nenda Jambiani au Bwejuu. Paje iko katikati: vijana wengi, mikahawa mingi, na wale wanaoruka juu ya maji kwa vishada wakati upepo wa kaskazi au wa kusi umeshika vizuri.

Hesabu ya maji si ngumu, wavuvi huifanya kwa kutazama juu tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, pwani ya mashariki huwa imekauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na maji yamejaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, na saa zinapinduka: saa nne asubuhi ndiyo maji yapo. Basi kabla hujalipia chumba cha mashariki, tazama mwezi utakuwaje tarehe zako. Kama umekosa wa kumuuliza, jedwali la maji lipo mtandaoni bure. Ukifika, muulize mvuvi yeyote, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri.

Na msije mkadhani maji yakipwa ndiyo siku imeharibika. Kwangu mimi huo ndio wakati mzuri wa Jambiani. Toka asubuhi ya bamvua, vaa raba au viatu vya plastiki kwa sababu mwambani kuna vidude vyeusi vya miiba mirefu vinavyochoma vibaya, ufuate njia wanayopita kina mama. Mbele utaona mistari ya vijiti vimesimikwa mchangani, na kati ya kijiti na kijiti kamba imevutwa, imening'inizwa mashada ya mwani. Mama kainama, leso imefungwa kiunoni, maji yanamfika vifundoni. Anachukua kipande cha mwani, anakipitisha kwenye kitanzi cha uzi, anakaza, anasogea hatua moja, anachukua kingine. Hatazami mikono yake, anazungumza na mwenzake wa mstari wa pili habari za harusi. Maji yakianza kurudi, kazi imekwisha, watake wasitake.

Kilimo hicho kilishika mizizi Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani ukikaushwa husafirishwa nje, huko hutolewa kitu cha kugandishia dawa za meno, vipodozi na vyakula. Siku hizi kina mama wenyewe wanatengeneza sabuni na mafuta ya mwani, nanyi mtayakuta Paje na Jambiani. Nunueni hapo, msisubiri duka la uwanja wa ndege. Lakini adabu kwanza: shikamoo, habari za kazi, kisha uulize kama unaweza kupiga picha. Usikanyage kamba. Hilo ni shamba la mtu.

Mambo mawili zaidi yanategemea maji. La kwanza ni Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe mbele ya mji. Maji yakijaa linamezwa, kwa hiyo wenye mashua hupanga safari kwa saa za kupwa. Nenda mapema kabla mashua hazijawa nyingi. Wengi huunganisha na kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jengo la gereza lililojengwa huko miaka ya 1890 halikutumika kufungia wahalifu, liliishia kuwa mahali pa karantini. La pili ni huo mkahawa wa juu ya jiwe, The Rock, kule Michamvi Pingwe. Maji yakiwa yamekupwa utaufikia kwa miguu, yakijaa utavushwa kwa mashua. Weka nafasi siku kadhaa kabla. Rai yangu? Kula pale mara moja kama mfuko unaruhusu, ujue kwamba unalipia mahali kuliko unavyolipia samaki. Kama mfuko haujaruhusu, ufuo ni wa wote: piga picha yako kutoka mchangani, ukale kijijini.

Haya, mjini. Hapa ndipo mimi ningetumia pesa na muda wangu mwingi, kwa sababu hakuna mahali pwani hii ambapo utakula vizuri kwa bei ndogo kama Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Ila chakula cha Unguja nacho kina saa zake. Ukikosea saa utaambiwa kimekwisha, au mbaya zaidi, utauziwa cha jana.

Asubuhi usikubali kifungua kinywa cha hoteli kila siku, ile mikate ya maboksi na soseji. Toka saa moja, tembea kuelekea Darajani. Utakuta chai ya viungo, maandazi kwa mbaazi za nazi, chapati kwa maharage, vitumbua, na supu ya pweza kwa wenye kuipenda. Soko lenyewe la Darajani limesimama tangu mwaka 1904. Ingia upande wa samaki mapema wakati mnada umechangamka, uone changu, kolekole, jodari, na pweza waliotandikwa sakafuni. Kama pua yako haivumilii, pitia upande wa viungo tu. Na viungo mnunue hapa, wadogo zangu: karafuu, iliki, mdalasini wa magome, pilipili manga. Msipakiwe vile vifurushi vilivyofungwa kwa plastiki vyenye picha ya twiga. Twiga na Unguja wapi na wapi?

Mchana ni wakati wa wali. Lukmaan, pale Mkunazini karibu na mbuyu, kuna vyakula vimepangwa mbele yako: pilau, biriani, wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, mchuzi wa papa. Unanyoosha kidole, unapakuliwa. Watalii wameijua, naam, lakini wenyeji hawajaihama, na hicho ndicho kipimo changu cha mkahawa wowote. Passing Show, upande wa Malindi, ndio mahali pa biriani bila mapambo. Fika kabla ya saa saba na nusu. Ijumaa fika mapema zaidi au usubiri watu watoke msikitini, maana siku hiyo biriani huliwa kisiwa kizima.

Ukishashiba, usiende kulala. Hatua chache kutoka hapo Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa juu ya eneo hilo hilo, na nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Ndani ya jengo la jirani mna vyumba vya chini na maonyesho yaliyoelezwa kwa Kiswahili pia. Najua mmekuja kupumzika. Ingieni tu. Msichukue picha za kujipiga mkitabasamu mbele ya zile sanamu, nimeshaona wengi wakifanya hivyo na inaniuma. Na mkiitafuta Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 2020, kwa hiyo msishangae mkikuta mabati na mafundi.

Alasiri, kuanzia saa kumi hivi, ni zamu ya urojo. Bara mnauita "Zanzibar mix" na mnauziwa supu ya njano yenye viazi viwili. Hapa simama karibu na muuzaji utazame. Anachukua bakuli, anaweka viazi vilivyochemshwa, anavunjia kachori, anatupia bajia mbili tatu, anakata yai. Anateka ule uji mwepesi wa unga uliotiwa manjano, wenye uchachu wa embe bichi au ndimu, anaumwaga hadi vitu vinaelea. Mishkaki miwili inachomolewa kwenye kijiti juu yake. Kisha chatini ya nazi, kisha pilipili, na mwisho kabisa kiganja cha mhogo mkavu uliokaangwa mwembamba, uwekwe juu ili ubaki unalia mdomoni. Atakuuliza, "Pilipili?" Wewe sema kidogo. Kidogo chao ni kingi chetu. Kula hapo hapo kwenye benchi, kwa sababu urojo wa kubeba ukifika hotelini mhogo umelainika na raha imekwisha.

Jua likikaribia kuzama, ukipita vichochoroni utasikia harufu ya ufuta. Ni mkate wa ufuta. Unga wenye tui la nazi na hamira umetandazwa kwenye kikaango, ukaiva chini, halafu mwokaji anakipindua kikaango kizima kuelekea kwenye makaa ili uso wa juu uivie moto ana kwa ana. Umeshika, hauanguki. Unatoka na madoa ya kahawia, unapakwa samli. Ununue wa moto, uule kavu ukitembea. Huo ndio mkate ambao watu wa Unguja walio ughaibuni huutaja kwanza wakiulizwa wamekosa nini nyumbani.

Usiku ni Forodhani, na hapa nina la kusema. Bustani ni nzuri, ilikarabatiwa upya mwaka 2009. Taa, upepo wa bahari, vijana wanaojirusha majini kwa mbwembwe kabla giza halijashika, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi inayokamuliwa mbele yako. Piteni kila siku. Lakini zile meza zilizosheheni kamba, kamba-koche, ngisi na samaki wa kila rangi, zitazameni kwa macho mawili. Vingine vimeshaivishwa na vinapashwa tu moto, na hujui vimelala pale tangu lini. Kuleni vinavyopikwa mkiona: mishkaki inayotoka jikoni, chapati, na ile pizza ya Forodhani, chapati nyembamba iliyofungiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakaangwa kwenye bamba. Ulizeni bei kabla sahani haijajazwa, ya kila kimoja, kwa Kiswahili, bila haya. Ukisubiri kuulizia mwisho, umeshakula, huna hoja.

Baada ya hapo kuna kahawa. Pale Jaws Corner, njia panda za Mji Mkongwe, wazee na vijana hukaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu na kashata, wakibishana siasa na mpira. Baraza hizo ni za wanaume zaidi, sitawaficha. Lakini dada mwenye salamu nzuri na stara yake hakatazwi. Salimia, keti pembeni, agiza. Utasikia mengi kuliko utakayoambiwa na mwongozaji yeyote.

Safari za siku moja ni nyingi na sitazimaliza. Msitu wa Jozani uko njiani kuelekea pwani ya kusini-mashariki, kwa hiyo usiufanyie safari yake peke yake, shuka ukiwa unakwenda Paje. Kuna kima punju, ambao kwa asili yao duniani kote wanapatikana Unguja tu, na daraja la mbao katikati ya mikoko. Usiwalishe wala usiwasogelee. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni mazuri ukipata mwongozaji asiyekukimbiza. Kidichi kuna hamamu alizojenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mnemba ni kwa wapendao kutazama samaki chini ya maji, ila kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hamtashuka. Fumba kuna mashua zinazozunguka ghuba ya Menai siku nzima na kuwalisha watu samaki wa kuchoma mchangani, na kwa kikundi cha marafiki hiyo ndiyo siku ya pwani ninayoipendekeza kuliko zote.

Kizimkazi? Nendeni kwa ajili ya msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Pomboo ni suala jingine. Asubuhi hukusanyika mashua nyingi, injini zinanguruma, zikiona pezi zote zinalikimbilia, watu wanarushwa majini juu ya mnyama aliyekuja kupumzika. Ukiamua kwenda, mwambie nahodha kabla ya kulipa kwamba hutaki afukuze, na kwamba utatazama ukiwa ndani ya mashua. Akikucheka, tafuta mwingine.

Tuje kwenye yale ambayo mnaniuliza kwa kunong'ona. Mavazi: ufukweni hotelini vaa unachotaka. Ukiingia mjini au kijijini, funika mabega na magoti. Beba leso mbili, zitakufaa kila mahali. Hakuna atakayekupiga, lakini utatazamwa, na wazee wataona umewadharau. Pombe ipo kwenye hoteli na baa za watalii, usitembee na chupa mtaani. Ukifika Ramadhani, usile wala usinywe hadharani mchana, na mikahawa mingi ya wenyeji itakuwa imefungwa. Lakini kama una subira, jioni za mwezi huo zina vyakula ambavyo miezi mingine huvioni vyote pamoja, tambi, ndizi mbivu za nazi, mihogo, mikate ya kumimina, na ukipata mwenyeji wa kukualika futari umebarikiwa.

Mapapasi, wale wanaojitolea kukuongoza bila kuombwa, watakufuata kuanzia bandarini. Wengine ni vijana wema wanaotafuta riziki, wengine ni wajanja. Dawa ni moja kwa wote: jibu salamu, sema asante sitaki, endelea kutembea. Usimpe mtu pesa ya safari mkononi bila risiti. Na yule kijana wa ufukweni atakayekuambia siku ya kwanza kwamba amekupenda, mdogo wangu, furahia mazungumzo, lakini mkoba wako ukae begani mwako. Kutembea peke yako mchana Mji Mkongwe hakuna tabu, kupotea ndiyo kawaida ya mji wenyewe. Usiku mwingi chukua teksi, na ufukwe wenye giza usiupite peke yako.

Pesa: beba kitambulisho cha NIDA mkononi, si picha yake kwenye simu tu. Hoteli nyingi, boti na viingilio vina bei ya Mtanzania ambayo ni nafuu sana, lakini hutapewa kama hukuuliza. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mtu akikutajia dola, mwombe shilingi kwa upole. Wasomaji wa Kenya, Uganda na kwingineko: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayetoka nje ya Tanzania anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, inayonunuliwa mtandaoni kabla ya kuingia. Daladala ni rahisi na ni burudani tosha kwa asiye na mzigo mkubwa, namba 116 kwa Nungwi, 309 kwa Jambiani. Usingoje jioni, maana ya mwisho huwahi kuondoka.

Kuhusu msimu, Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya hoteli za pwani hufunga, zilizobaki hushusha bei, na mvua ikikatika jioni mji wote unanukia. Mwenye bajeti ndogo na asiyeogopa kulowa aje wakati huo. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, muziki wa Afrika, na vyumba vya mjini hupanda bei. Julai, Makunduchi wanasherehekea Mwaka Kogwa, na wageni wanakaribishwa na kulishwa. Juni hadi Agosti kusi huvuma, bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja inarusha. Boti ya kasi ni kama saa mbili, lakini saa mbili hizo ni ndefu kwa mwenye kichefuchefu: kula kidogo, kaa sehemu ya chini kuelekea nyuma, tafuna tangawizi.

Kuna aliyeniuliza Pemba. Pemba nenda safari ya pili, ukishajua kukaa kisiwani bila kufanyiwa programu. Misitu ya mikarafuu, ufukwe wa Vumawimbi ambao unaweza kuukuta mtupu, popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani, na watu wasiokuharakisha. Mikahawa ni michache, kwa hiyo kula kwako kutategemea uliyemsalimia.

Nimalizie na mdogo wangu wa ile orodha ndefu. Siku nne zinatosha kwa mji na pwani moja. Sita ni bora. Kama bosi amekupa tatu tu, baki mjini, chukua mashua ya Nakupenda asubuhi moja, kula kama nilivyokueleza, urudi. Na tiketi ya boti ya kurudi Jumapili uikate kabla hujaondoka Dar, kwa sababu hujaa mapema.